Siku Bihogo Alipochukuliwa Mara ya Pili

Betri la gari likichajiwa kwa sola ndani ya chumba chenye kidirisha kimoja hutoa harufu chungu inayokaa kooni. Changanya harufu hiyo na ya mawese yanayopashwa jikoni, ongeza na ya udongo uliolowa mvua, utakuwa umeipata nyumba ya bibi yangu kule Heru Juu, masika ile nilipokuwa na miaka kumi. Siku hizi nafundisha Kibondo, na njia yangu ya kwenda shuleni inapita kwenye karakana ya pikipiki. Nikiinusa tu ile tindikali vidole vya mkono wa kulia vinajikunja vyenyewe. Wenzangu wakikaa kukumbuka utoto wanataja maembe na miwa. Mimi nataja betri, wananiangalia kama mtu mwenye homa, nami sina hamu ya kuwaeleza. Leo nitaeleza.

Mwanzoni mwa masika hiyo baba yetu mdogo, aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam, alimtumia kaka yangu Ezekieli mashine ya gemu, nyeusi na nzito, imefungwa ndani ya blanketi. Ezekieli alinizidi miaka saba. Mama alikuwa mbali kwa kazi, kwa hiyo tulilelewa na bibi sote wawili. Kaka aliiunganisha mashine na televisheni yetu ya kichogo, kijani kibichi cha uwanja wa mpira kikajaa chumbani, na majirani wakaja kushangaa. Bibi aliangalia kwa muda, kisha akauliza swali moja tu: "Mwenyewe nani?" Ezekieli akamjibu kwamba ni yake, ameletewa. Bibi akaguna. "Mbona kila ukiiwasha inaanza kutaja jina la mtu mwingine?" Lilikuwa jina la kampuni iliyoitengeneza. Tulicheka sana siku hiyo, tukaona bibi amezeeka.

Bibi alikuwa na sababu ya kuuliza. Kwetu Buha, zamani, mwenye ng'ombe wengi aliweza kumgabia mwenzake ng'ombe. Aliyegabiwa alimchunga, alikunywa maziwa, alirutubisha migomba yake kwa samadi, lakini ng'ombe alibaki wa mwenyewe. Bibi aligabiwa ng'ombe mwekundu wa kuiva, akamwita Bihogo, akakaa naye miaka hata akasahau kwamba si wake. Sheria ilikuwa moja: mwenye ng'ombe akija kumtazama, humfungii lango. Unampa kiti, unampa kinywaji, unamwacha atazame. Basi mwaka niliozaliwa mimi, mzee mwenye ng'ombe alikuja na wanawe wawili, akakaribishwa, akanywa, akatazama, akaondoka na Bihogo na ndama wake. Bibi hakuwa na kosa. Moyo wa mzee ulikuwa umegeuka tu. Ezekieli, mtoto wa miaka saba, aliwafuata akilia mpaka mtoni. Nguo ya kuazima haisitiri makalio, bibi alizoea kusema, na bado alitufundisha kwamba lango hufunguliwa, kwa sababu adabu ni adabu hata ikikuumiza.

Sokoni karibu na kambi ya Nyarugusu kulikuwa na kijana Mkongo aliyeitwa Trezo, fundi wa simu na kompyuta, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi hata siku za matope. Ezekieli alishinda kwake likizo nzima. Trezo ndiye aliyemwekea kwenye mashine programu aliyoiita emuleta, ambayo kazi yake ni kuifanya mashine mpya ijifanye ya zamani, ili michezo ya zamani icheze ndani yake. Kampuni iliyotengeneza mashine haikutaka hilo kabisa, na ilikuwa imelikataza katika yale maandishi marefu ambayo hakuna anayeyasoma. Trezo alimfundisha kaka kitu kingine pia: kuchukua mchezo mkongwe, kufuta picha zake moja moja na kuchora zako. Kwa kompyuta ya Trezo, kwa wiki nyingi, Ezekieli alifuta mji wa watu wengine akaweka vilima vya Heru Juu. Akaweka migomba. Akaweka msichana mwenye gauni jekundu, ambaye ni mimi, na masikio amenizidishia kwa makusudi. Kazi ya yule msichana ilikuwa kumrudisha ng'ombe nyumbani kabla mvua haijashuka.

Siku ya kwanza mchezo huo ulipowashwa, bibi aliketi kwenye mkeka na bakuli la maharage mapajani, akichambua. Ng'ombe mwekundu akatokea kileleni. Mkono wa bibi ukaacha kuchambua. Nilicheza kwa shida, nikimsukuma ng'ombe kati ya mashimo na mito, mpaka akaingia langoni na wingu likapasuka nyuma yake. Bibi akasema kwa sauti ndogo, "Bihogo," halafu akaanza kumwita kwa Kiha, kwa maneno ya kukamulia ambayo sikuwahi kuyasikia. Tangu hapo kila jioni alitaka arudishwe. Nilifurahi kuliko nilivyopata kufurahi, na ndani ya furaha hiyo niliogopa, sijui nini.

Trezo alijua nini cha kuogopa. Alikuja nyumbani kutuaga, kwani alikuwa amepata nafasi ya kuhamishiwa nchi ya mbali, na kompyuta yake, yenye nakala ya mchezo, ilikuwa imeshafungwa mizigoni. Aliniinamia akaniambia, "Mutoto, hii masini musiiache iongee na benyewe. Ikiongea nabo, batarudia kitu yabo." Alimaanisha isiunganishwe na intaneti ikawafikia wenye kampuni. Ezekieli alitamani kuutoa mchezo aweke nakala kwenye flashi, lakini mashine ilikubali kupokea, kutoa ilikataa. Na alikuwa na jambo kubwa mbele yake. Mwalimu wa chuo kimoja cha ufundi mjini Kasulu, aliyesikia habari za ng'ombe wa kwenye televisheni, aliahidi kuja Alhamisi auone mchezo kwa macho yake. Akiupenda, angemchukua Ezekieli asome kompyuta bila ada. Kaka alinyoa nywele tangu Jumatatu.

Jumanne nilitoka shule nikakuta nyumba tupu. Bibi alikuwa shambani, Ezekieli amekwenda mjini kutafuta suruali ya kuazima, na simu yake ameiacha kwenye chaji ikirusha intaneti, maana asubuhi alikuwa akitafuta kitu. Nilikula viazi kwa mawese, nikajifuta mikono kwenye sketi, nikawasha mashine, nayo ikainasa intaneti ya ile simu. Badala ya vilima ukaja ukurasa mweupe wa Kiingereza. Nilikuwa darasa la nne. Nilichoambua ni jina la kampuni, neno la kuomba, na vitufe viwili, cha kukubali na cha kukataa. Mvua ilianza kugonga bati. Nilikaa pale nikifikiri kwa akili zangu zote, na nikaelewa hivi: mwenye mashine amekuja kuitazama mashine yake. Niliyakumbuka maneno ya Trezo, wallahi niliyakumbuka. Lakini mtoto aliyelelewa na bibi yangu angemfungiaje mtu lango? Nikashika kidude cha kuchezea, nikabonyeza kukubali. Mstari mwembamba ukatembea polepole mpaka mwisho, mashine ikajizima, ikajiwasha. Nilipomtafuta Bihogo, mahali pake palikuwa na sentensi moja tu, kwamba programu hii hairuhusiwi.

Ezekieli alirudi na suruali begani. Alijaribu kumrudisha Bihogo usiku huo na siku nzima iliyofuata. Akaandikia kampuni kwa Kiingereza cha kuungaunga, akieleza kwamba ng'ombe amemchora mwenyewe, na jibu likaja la heshima, la mashine pia, kwamba yote yamefanyika kufuatana na makubaliano aliyoyakubali. "Sijakubali kitu mimi," alirudia, "imejifanyia yenyewe." Nilikuwa nimesimama mlangoni. Sikusema. Alhamisi mwalimu alikuja, akaonyeshwa sentensi ile, akanywa chai, akasema pole, akaondoka. Jioni bibi aliketi kwenye mkeka wake akauliza, "Wamemchukua tena?" Hakuuliza mara nyingine mpaka alipokufa.

Ezekieli sasa ananunua maharage Mabamba, mpakani, na mgongo umeanza kumsumbua kwa magunia. Mwezi uliopita alilala kwangu, nami baada ya miaka yote hiyo nikatapika ukweli wangu wote mezani, chakula kikapoa. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Neema," akasema, "kile kitufe cha kuchezea kilikuwa na mawese. Mimi siku ile nilishinda na njaa." Alijua tangu jioni ileile, na bado alirudia kusema kwamba imejifanyia yenyewe. Nililia kwa aibu, yeye akaomba chumvi.

Nilimchezea sauti ya bibi ili tutulie. Niliirekodi mwaka wake wa mwisho, anasimulia habari za Bihogo na kuyasema yale maneno ya kukamulia, na nimeihifadhi kwa simu kwenye ghala la intaneti la kampuni nyingine, huko mbali wanakohifadhi vitu vya watu. Simu yenyewe ya kwanza ilishaibiwa, kwa hiyo sauti iko huko tu. Kabla haijaanza kucheza, ukurasa mweupe ulitokea: masharti yamebadilika. Mwenye ng'ombe wa bibi alikuja kwa miguu, mchana, akakalia kiti chetu, na Heru Juu nzima ikamwona uso. Huyu mwenye ghala sijamwona. Nimeusoma ukurasa wake juu mpaka chini nikitafuta kitufe cha kukataa, kile ambacho nikiwa na miaka kumi nilikuwa nacho mbele yangu nikakidharau. Hakipo. Vipo viwili: Kubali, na Nikumbushe Baadaye. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nabonyeza baadaye, kwa kidole kilekile.