Kikohozi cha Sebuleni

Miaka ishirini na mitatu mzee alibeba mifuko ya saruji ghalani, na saruji nayo ikamwingia puani, ikashuka kifuani, ikajenga humo. Alipoachishwa kazi alirudi nyumbani na kikohozi, ndiyo shukrani yenyewe. Mabinti zake wawili, watu wazima hao, walimbatiza King'ora. Walimwita hivyo mbele yake, naye akacheka nao. Angefanyaje?

Siku hizo mabinti walikuwa wamenogewa na gemu la kutisha. Unatambaa ndani ya jengo bovu, taa zinawaka na kuzima, na humo limo dude lisilo na macho, linalowinda kwa masikio. Sasa ujanja wake ni huu: kipaza sauti kilikaa mezani, na chochote kilichosikika sebuleni, dude lilikisikia. Ukipiga chafya, kwisha habari yako.

Mzee alipokohoa mara ya kwanza, dude lilitokea likamng'oa mtu wao kichwa. "Baba, umetuua," alisema kifungua mimba. Mara ya tatu akaambiwa akakae jikoni. Mwenye nyumba, jamani, kwenye kigoda, kati ya ndoo na gunia la mkaa, akiwasikiliza wanawe wakicheka upande wa pili wa ukuta. Mkewe alikuwa kazini hadi jioni. Mzee hakuwa na haja na gemu wala dude lake. Alitaka kukaa na wanawe, basi.

Jumamosi mchana wakafika hatua ya mwisho. Akachungulia mlangoni.

"Wanangu, nikae pembeni tu. Nitabana."

"Daktari si alikwambia usibane?" alisema kitinda mimba. "Alisema makohozi yatakuziba."

"Daktari hakai hapa."

Wakatazamana. "Ukikohoa leo, baba, humu huingii tena," alisema mkubwa, na hakuwa anatania.

Akakaa nyuma yao, kitambaa cha kochi mdomoni. Kwenye runinga dude likapita, likasimama, likainamisha kichwa. Kifua kikaanza kumwasha. Akabana. Machozi yakamtoka, mishipa ya shingo ikamsimama. Kitinda mimba akapeleka mkono nyuma bila kugeuka, akamshika goti ili kumkumbusha anyamaze. Yeye, maskini, hakukumbuka mara ya mwisho kuguswa na mwanawe, akadhani ni mapenzi. Basi akakimeza kikohozi kile, kikagoma kushuka, kikakwama njiani, na hewa ikakosa pa kupita. Angeweza kupiga sakafu kwa mguu, ila kipaza sauti pale mezani kingesikia. Akafa kimya kama alivyoagizwa, mkono wa mwanawe ukiwa bado gotini.

Kwenye runinga mlango wa kutokea ukafunguka. Mabinti wakakumbatiana, wakarukaruka, kisha wakainama tena kuanza upya, safari hii kwa ugumu zaidi.

"Umeona, baba?" alisema kitinda mimba, macho kwenye runinga. "Kumbe ukitaka unaweza."