Mkono Nyuma ya Kitenge

Pasi ikipita juu ya kitenge kipya na ile harufu ya nta ikapanda, narudi umri wa miaka tisa, ghorofa ya kumi na moja, Malvern, huku Kanada. Mama ameinua kitambaa dirishani, ameingiza mkono nyuma yake. Akiona vidole tu, anakitupa pembeni.

"Hiki chandarua. Jua litaingia bila hodi."

Mdogo wangu Neema alizaliwa na ualbino. Nguo zake mama alizishona mwenyewe: mikono mirefu, kitambaa kizito kilichobanana nyuzi, rangi za kiza. Watoto wa jengoni walimwita Pazia. Neema alicheka nao, kisha akaenda kulia bafuni, bomba likiwa wazi.

Julai moja, mama akiwa kazini, nilimvika fulana yangu nyeupe, nyepesi. Jamani, nilijiona daktari! Nyeupe haishiki joto, na jua la Kanada sisi nyumbani tulilitania, jua la kwenye picha, lisilochoma. Tukashuka bustanini kwenye mabomba yanayowarushia watoto maji. Fulana ikalowa, ikamganda hadi ngozi ikaonekana. Alifurahi mno, nikaacha saa zipite.

Jioni mgongo wake ulikuwa malengelenge matupu. Nikampaka mtindi wote wa kwenye friji. Nikampepea kwa daftari, nikimwomba Mungu anihamishie mimi mgongo ule.

"Usimwambie mama," Neema alisema, meno yakigongana. "Atanirudisha kuwa Pazia."

Mama aliporudi hakunipiga. Aliipeleka fulana dirishani, ingali mbichi, akaingiza mkono. Vidole vyote vitano, na pete.

"Umeona, mwanangu?"

Kisha akakaa sakafuni, akalia kwa sauti kama yuko msibani. Tulimpeleka Neema hospitali kwa teksi, amelala kifudifudi mapajani mwetu.

Miaka mingi nilidhani mama alimwonea aibu, kwamba alikuwa akimficha. Sikujua kuhusu mjomba, kaka yake wa Sengerema, mwenye ngozi kama ya Neema. Mama ndiye aliyekuwa akimpigia pasi mashati yake meupe, mepesi, ya kwendea shamba. Saratani ilianzia mabegani.

Kesho daktari anamkagua Neema tena. Kuna doa mgongoni. Leo tulikuwa dukani, nimeinua kitambaa, muuzaji akauliza natafuta nini. Nikaingiza mkono nyuma ya kitambaa.

"Muache," Neema akamwambia. "Anahesabu vidole."