Jengo Jekundu Mbele ya Dirisha la Geertje

Saa nne asubuhi, mjini Leiden, Uholanzi, Geertje Oudshoorn anafuta pua. Aliichora jana, leo anaiondoa kwa kitambaa chenye tapentaini. Mwenye pua, mwoka mikate mstaafu Bwana Vletter, amesimama nyuma yake, amefura.

"Mama, mimi hata bia ya harusi yangu sikuinywa. Wewe umenipa pua ya mlevi!"

"Si mimi, mzee wangu. Ni lile," anajibu Geertje, akionyesha dirishani kwa brashi.

Lile ni jengo jipya la ghorofa sita, la matofali mekundu, ng'ambo ya mfereji. Geertje, 61, amechora sura za watu chumbani humu miaka ishirini na sita, daima kwa mwanga wa dirisha la kaskazini, kama walivyofanya wachoraji wa nchi hii karne na karne. Jua haliingii upande huo, hivyo mwanga hutulia na kivuli cha shavu hakihamihami. Sasa jua linapiga ukuta ule, wekundu unarudi chumbani, na kila anayeketi kitini anaonekana kama aliyechemshwa.

"Nilikuwa nachora sura tatu kwa mwezi. Baridi hii nzima nimepata moja, ndiyo hii anayoikataa," ananiambia mimi, mgeni niliyeketi pembeni.

Majirani walipotaka kulipinga jengo, walimfuata yeye kwanza. Alikataa, na wengine hawamsalimii hadi leo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi: binti yake Maaike alikuwa amengoja zamu ya kupewa nyumba miaka tisa, akilala na mtoto kwenye sebule za watu. Sasa anakaa ghorofa ya nne ya jengo hilo hilo.

Vletter akiwa ameshaondoka, Maaike anaingia na mkate wa jibini.

"Mama, si uchore tu kwa taa? Wenzako wote wanatumia taa."

"Wenzangu wanachora picha za kwenye simu, mwanangu. Mimi nachora watu."

"Basi ungewaunga mkono majirani, nikose nyumba!"

Geertje anachovya kitambaa na kurudi kuifuta pua.

Mwisho wa Machi anarudisha ufunguo wa chumba kwa mwenye nyumba. Namuuliza atafanya nini. Anaosha brashi zake zote kwanza, bila haraka.

"Nitakwenda kumlea mjukuu wangu kule juu," anasema. "Wao mwanga wanao."