Jina Lililorudi na Kuvumwani

Umande haujakauka, na mwanamke wa miaka hamsini na minane amepiga magoti mbele ya jiwe dogo la saruji. Ndoo iko upande huu, brashi ya waya upande ule. Brashi haigusi.

Wafanyakazi wenzake hapa makaburini humwita Mama Brashi. Kwa miaka ishirini na miwili amesugua kuvumwani, ule ukijani laini unaotambaa kwenye mawe yenye unyevu.

"Nilikuwa naichukia," anasema. "Nikiiona, naona marehemu kasahauliwa."

Jiwe alilolisugua kuliko yote ni hili. Chini yake amelala kifungua mimba wake, aliyefariki akiwa na miezi saba. Kila Jumatatu mama alilisugua kwa mapenzi yote, na saruji hulika kwa waya. Miaka minne iliyopita alipitisha kidole, jina hakuna.

"Nilimfuta mwanangu kwa mkono wangu mwenyewe," anasema. Tangu siku ile hakulisugua tena.

Wageni hawana habari na mawe. Macho yote kwa mjakaranda wa langoni, wanaoupiga picha ukimwaga maua ya zambarau. Ni mzuri, nani abishe? Lakini mizizi yake imepasua makaburi matatu, na maua yakidondoka anayefagia ni yeye. Kuvumwani haina ua wala mzizi wa kupasua kitu. Hujilalia tu penye unyevu, na kwenye jiwe hili unyevu ulijificha katika vijishimo vya herufi ambavyo hata kidole hakikuvihisi. Baada ya mvua zilizopita, herufi tano zikachomoza, za kijani.

Sasa imetoka amri: mawe yote yasuguliwe kabla ya Ijumaa, kuna ugeni. Msimamizi, kijana wa umri wa kumzaa, anafika kukagua.

"Mama, hili bado?"

"Lisome kwanza, baba."

Anainama, analisoma jina kwa sauti, polepole. Mama Brashi anajifuta macho kwa mkono wa koti. Ni miaka mingi hajamsikia mtu mwingine akilitaja.

"Hili liruke," msimamizi anasema. "Anza na mstari wa pili wa makaburi."

Mwakani anastaafu. Kwa atakayemrithi ndoo, ombi lake ni moja.

"Jua likiwa kali, alinyunyizie maji kidogo. Brashi asije nayo."