Selestini Hakuonja

Harufu ya juisi ya ndizi ilikuwa bado mdomoni mwa kaka yangu Fortunati alipokata roho juu ya mkeka, kabla jua halijafika utosini. Mama alikuwa amempakata, anamfuta povu kwa kitenge, anaita jina lake kama mtu anayemwita mtoto aliye mbali shambani. Mimi nilijikunja pembeni, tumbo linakatika, vitu naviona viwili viwili. Nilipona. Mpaka leo watu wa kwetu Kanoni huniambia nimshukuru Mungu, nami namshukuru, lakini yapo ambayo si ya Mungu, ni ya watu, na watu hao nitawataja.

Ulikuwa msimu wa kuvuna kahawa. Uani kwetu kahawa ilianikwa mpaka mlangoni, ukipita unachomwa nyayo. Baba na mdogo wake, Selestini, walikuwa hawasemezani kwa ajili ya mpaka: Selestini aling'oa miti ya mpaka akaipanda ndani ya migomba yetu, baba akairudisha. Asubuhi hiyo baba alikuwa amepeleka kahawa kuuza, Selestini akaja na kibuyu cha juisi, eti amekuja kupatana. Sasa, kwetu anayeleta kinywaji hunywa yeye kwanza, mbele ya macho yako, ndipo akupe. Hata ndugu wa tumbo moja hufanya hivyo. Selestini hakuonja. "Shemeji, jino linaniua, kitu kitamu sikiwezi," alisema, ameshika shavu. Mama akaona haya. Kumlazimisha shemeji anayeumwa ni sawa na kumwita mchawi. Fortunati alikunywa kata nzima, mimi nikamalizia mabaki. Mama alikuwa hajajimiminia. Jioni, sisi tuko msibani, jirani yetu Adventina alimwona Selestini amekaa nyumbani kwake mwenyewe, akitafuna muwa.

Adventina alilisema hilo kwenye kikao cha ukoo. Mzee Buberwa, mkubwa wa ukoo, akamkatisha. "Mtoto alikula kitu porini. Ya nyumbani hayavuki migomba." Kisha akamgeukia mama: "Na wewe mwanamke, kwa nini hukumwambia aonje?" Baba alitazama chini. Ndivyo walivyomtwika mama maiti ya mwanawe, naye akaibeba mpaka alipoingia kaburini.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Sikukuu ya Krismasi iliyopita, binti yetu Devota, anayefanya kazi kwenye hoteli ya wageni pale Kayanga, alitualika mimi na mume wangu. Mtu na mkewe wa Kijapani walikuwa wamekuja likizo, wakaomba kuwapikia watu chakula cha kwao na kuwaonyesha michezo yao ya taa. Mume wangu akavaa koti la harusi. "Leo mimi na wewe tu, kama wachumba," akasema. Tukaletewa wali baridi wenye harufu ya siki, umeviringishwa kwa jani jeusi la baharini, na vipande vya samaki mbichi, vyekundu kama ulimi. Nikaisukuma sahani.

"Mwambie aliyepika aonje kwanza," nikamwambia Devota.

"Mama Devota, unataka kunitia aibu mbele ya wageni?" mume wangu akaninong'oneza.

"Aibu ndiyo iliyomuua Fortunati."

 Devota akatafsiri, uso umemshuka. Yule mama wa Kijapani hakununa. Alichukua kipande kwenye sahani yangu hasa, akatafuna, akameza, akaniinamia kichwa. Nikala. Kusema kweli vilikuwa vitamu, mpaka mume wangu akalalamika: "Sasa mbona unamaliza na vyangu?"

Kisha tukaingizwa kwenye chumba chenye giza ambako kuta zilichanua maua ya mwanga. Ukigusa, ua linafunguka chini ya kiganja chako; ukitembea, majani yanakufuata miguuni. Mume wangu, mtu mwenye mvi, alirukaruka kama ndama. Mimi niliuliza nani amejificha nyuma ya ukuta anatutazama. Devota akasema ni mashine tu, inaona mkono. Sipendi kinachoniona nami sikioni. Lakini niliweka kiganja, na ua likaja palepale. Nikasimama hapo nikaumia moyo: ukuta usionijua nimeugusa mara moja umenijibu, ukoo wangu nimeugonga tangu utotoni haujafungua kinywa.

Siku hizi watu wanaleta soda yenye kizibo, na wajukuu wanacheka wakiniona mimi bibi yao naonja kwanza kabla ya kuwapa. Wacheke. Mgeni kutoka ng'ambo ya bahari alinifanyia bila kuombwa mara mbili jambo ambalo damu yangu ilininyima. Buberwa amekufa, amejibu huko aliko. Selestini yu hai, yuko kijijini Rugera, anaongoza sala za jumuiya na watoto wa watu wanampa shikamoo. Mimi simpi. Selestini, sitaki unitumie padri, sitaki wajumbe wa ukoo. Njoo mchana, simama mbele ya watoto wangu na wako, useme kwa kinywa chako ulitia nini, na kama hukutia, kwa nini hukuja kumzika Fortunati.