Ubao wa Mzee Tino

Juzi niko saluni Yeoville, hapa Joburg, nasuka kichwa cha mteja, akaingia mtu na boksi la pizza. Kulifungua tu, ikanipiga ile harufu ya unga ulioungua pembeni, nyanya iliyokaangika na yale majani yao makavu. Mikono yangu ikasimama yenyewe kichwani mwa watu. Mteja akaniuliza, "Dada, umelala?" Sijalala, mama. Nimefika Orange Grove mara moja, narudi sasa hivi. Na nyinyi wenzangu twendeni, njia naijua.

Wakati huo nina miaka kumi na ushee. Tulikuwa tunakaa Observatory, kwenye jumba la zamani lililogawanywa vyumba mpaka kabati la chini ya ngazi lilikuwa na mpangaji. Sisi watu wa Tanga. Chumba cha jirani walikaa Wakongo wa Bukavu, Mama Furaha na binti yake Furaha, rika langu na shoga yangu wa kufa na kuzikana. Tulikuwa tunagawana hata njugu moja. Yeye anakula upande, mimi upande, na kila mmoja anamwambia mwenzake wewe umekula kubwa.

Mama Furaha alikuwa anakanda unga kwa Mzee Tino. Sisi tukitoka shule tunateremka kilima mpaka kwenye ile barabara kubwa iliyokuwa imechimbwa kwa ajili ya mabasi ya mwendokasi, tunaruka mashimo, tunamsubiri Mama Furaha amalize kazi turudi naye. Kile kilima cha kurudi, nakwambia, unaanza kukipanda mtoto, unafika juu una ndevu.

Mzee Tino alikuwa Mtaliano wa kuzaliwa huko huko kwao, ila Joburg alikaa mpaka Kizulu anatukana vizuri. Masharubu yake njiwa wangeweza kutagia. Pizza yake nyembamba kama karatasi, pembeni imevimba malengelenge meusi, inatoka kwenye tanuri la kuni kubwa kiasi kwamba ungeliweka tangazo la chumba cha kupanga, watu wangekuja kuuliza. Na lile jibini! Ukiuma Orange Grove, uzi wake unakatikia Alexandra.

Ng'ambo ya barabara alikuwako Bibi Assunta, naye Mtaliano, ila wa kisiwani huko kwao. Yeye pizza yake nene kama godoro, anaioka kwenye sinia la pembe nne na kuikata kwa mkasi wa fundi cherehani. Wazee wa Kitaliano wa pale mtaani walikuwa wamegawanyika kama Simba na Yanga. Wa wembamba hawavuki barabara, wa unene hawavuki barabara. Wakikutana kwenye taa za robot wanasubiri ya kijani huku wanatukanana kwa mikono, maana kwa mdomo ni dhambi, wanatoka kanisani. Kitu kimoja tu kiliwaunganisha: pizza ya ndizi. Watu wa hapa wanapenda pizza ya ndizi na nyama. Mtu akiagiza, Mzee Tino anaashiria msalaba, ndio anaimenya ndizi.

Sasa kila siku, pizza ya kwanza kuingia tanurini haikuwa ya kuuzwa. Ilikuwa ya kupimia moto, nyanya na kitunguu saumu tu. Hiyo ndiyo yetu. Mama yangu alikuja mwenyewe siku ya kwanza kukagua kama nguruwe hajapita karibu. Aliangalia tanuri, akaangalia meza, akaangalia mpaka kucha za Mzee Tino. Aliporidhika akaniambia, "Kula mwanangu, lakini hizo za nyama ukizigusa, masikio yatakusimama." Nilishika masikio mwaka mzima.

Na ukutani, juu ya tanuri, palikuwa na ubao mweusi wenye majina ya pizza kwa rangi nyeupe. Siyo majina ya kwenye maduka mengine. Ya pale yalikuwa majina ya watu: Carmela, Renzo, Giuseppe, Nunzia. Mteja akiagiza, Mzee Tino anageukia jikoni anapiga ukelele mpaka vikombe vinaitikia: "Carmela moja! Renzo mbili!" Na jikoni wanaitika kama jeshi.

Nikamwona kwa macho yangu Mzee Bruno akipandishwa. Alikuwa mzee wa kofia, anakaa dirishani kila siku, anakula pizza ya vitunguu peke yake na kusema na gazeti. Siku moja Mzee Tino akapanda kigoda akaandika BRUNO. Na Mzee Bruno hakuonekana tena dirishani. Nikamwambia Furaha, "Umeona watu? Ameshapata jina, anaringa."

Tangu siku ile nikashikwa na ugonjwa. Nilitaka jina langu ubaoni. Nilitaka Mzee Tino apige ukelele "Mwanaidi nne!" na watu wa Bedfordview wenye magari wakae kwenye foleni wanisubiri mimi. Nikaanza kampeni. Nikafagia mbele ya mlango mpaka vumbi likahamia kwa Bibi Assunta. Nikajifunza kusema buonasera, yaani habari za jioni, nikawa namwambia hata asubuhi. Nikampelekea mkate wa kumimina wa mama, akafumba macho akautafuna kama mtu aliyepata habari njema. Nikaona hapa hapa. Nikamwonyesha ubao, nikamwambia, "Nafasi ipo pale chini."

Mzee Tino akacheka, halafu akaacha kucheka. Akanishika kichwa. "Mwanaidi," akasema, "pale usiwe na haraka. Wewe nitakuandika ukiwa bibi kizee, na mimi nisiwepo."

Nikajua amenikataa kwa adabu.

Basi bwana, mwezi wa kumi na moja, siku ya jua la kukaanga yai kwenye lami, tunaingia pale, namkuta mzee juu ya kigoda na kibrashi. Ameshaandika F. Nikahesabu moyoni Waitaliano wote wa F ninaowajua. Akaandika U. Akaandika R. Eish! Alipomaliza, herufi zote sita zikakaa pale zinanitolea meno: FURAHA. Pizza ya visamaki vyembamba vya chumvi na pilipili nyingi, maana Furaha alikuwa anavipenda vile visamaki, anasema ni ndugu wa sambaza wa kwao Bukavu. Mimi nilikuwa nasema ni ndugu wa misumari.

Mama Furaha alikuwa mlangoni mwa jiko na mikono yake ya unga, analia. Nikasema moyoni, lia, ingekuwa jina langu, mama yangu naye angelia. Furaha mwenyewe hata hakuruka. Alitazama ubao, akatazama chini, kama mtu aliyepewa zawadi ya sanduku zito.

Wivu ukanipanda kama unga uliotiwa hamira nyingi ukaachwa juani. Nilivimba mpaka nikaona mlango mdogo. Huyu Furaha amefagia wapi? Ameleta mkate gani? Buonasera yenyewe anaitamka kama anapiga chafya! Nikapanda kilima peke yangu, na siku ile sikuhisi kilima.

Nyumbani mama akaniona. "Weye mtoto, mdomo huo umeuazima wapi?"

"Furaha ameandikwa ubaoni."

Mama alikuwa anachagua mchele. "Basi mwenzio kaandikwa," akasema. "Mpongeze." Na macho hakuyainua kwenye ungo.

Nikampongeza kwa kufungua biashara ya ushindani. Jumamosi uani kwetu, kwenye mbawula, lile jiko la makaa la kopo lenye matundu, nikafungua pizzeria yangu. Unga wa pizza ulikuwa chapati ya jana. Juu tomato sosi ya chupa, samaki wa kopo, na achari ya maembe ya spaza, kiduka cha mtaani. Jibini sikuwa nalo, nikaponda zile chipsi za njano zenye unga wa jibini. Nikafunikia sufuria, makaa juu makaa chini, kama mama anavyooka mkate. Nikachukua kipande cha boksi, nikaandika kwa mkaa jina la pizza. Moja tu, halikuwa na mwenzake: MWANAIDI.

Harufu ilipotoka, kunguru wakahama. Mbwa wa jirani nikamtupia kipande, akakinusa, akanitazama kwa huruma, akaenda kulala.

Mteja wa kwanza, na wa mwisho, akatokea mlangoni. Furaha. Nywele zimesukwa upya, viatu vipya vinameta, na kwenye jua lile la kuyeyusha mishumaa amevaa koti kubwa zito la manyoya shingoni. Jasho linamtiririka. Na mimi, kwa akili yangu, nikaona wivu wa pili. Jina juu, na koti tena!

"Mwanaidi, unaninunia juu ya nini?"

"Nani kakununia? Mimi niko kazini."

"Basi lete nikule."

"Hapa hatuna misumari."

"Lete tu iyo yako."

Nikamkatia kipande. Nilingoja ateme. Hakutema. Akala mpaka ukingo ulioungua, akaomba kingine, machozi yanamtoka, nami nikadhani ni achari. Akala mpaka akamaliza yote, yaani pizza ambayo mbwa ameikataa, na hakukuwa na kugawana upande na upande siku ile. Kipande kimoja tu alikifunga kwenye karatasi akakitia mfukoni mwa koti.

"Iko muzuri, vraiment. Inashinda ya Mzee Tino."

"Muongo weye."

"Inaitwa nani?"

"Imeandikwa. Soma."

Akasoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayekariri: "Mwanaidi." Halafu akanikumbatia na koti lake, nusura niive humo ndani. Mama yake akamwita. Akaenda. Nikabaki nahesabu ushindi: amekiri mwenyewe kwamba yangu inashinda!

Jumatatu nikampitia twende shule. Mlango una kufuli. Nikachungulia dirishani, chumba cheupe, hata msumari wa kalenda umeng'olewa.

"Wameshakwenda Kanada," mama akasema. "Walipata ile safari waliyoingoja tangu wewe hujaota meno."

"Mbona hawakusema?"

"Safari haitangazwi, mwanangu, mpaka uwe umefika. Watu wana macho."

"Hata mimi wamenificha?"

"Wameficha kila mwenye macho. Mimi nilijua kwa kuwa nilisaidia kufunga mizigo."

Hapo nikasimama katikati ya chumba nikiwa na haya macho yangu mawili, sijui niyaweke wapi. Wanaficha safari kwa kuogopa wivu, na wivu wote wa Observatory ulikuwa umekaa kwangu, na kumbe ulikuwa unakodolea kibao cha pizza.

Jioni hiyo nikateremka kilima peke yangu. Mzee Tino alikuwa anakanda unga mwenyewe, vibaya. Nikaangalia ubao, nikauliza, "Mzee Bruno yuko wapi?"

"Makaburini, pale juu."

"Carmela?"

"Mke wangu. Naye yuko kule."

"Renzo?"

"Bedfordview, kwenye ukuta wenye umeme. Haji tena, anaogopa barabara hii. Nunzia alirudi Italia. Giuseppe yuko Australia kwa mwanawe." Akafuta mikono. "Pale, Mwanaidi, nawaandika waliokuwa wanakula hapa na sasa hawali tena. Mtu akiagiza, mimi naita jina, na jikoni wanaitika. Basi, kidogo, wanakuwa wamefika."

Halafu akaniuliza kama alivyokuwa anawauliza wateja wakubwa: "Nikupe nini?"

Nikasema, "Furaha moja."

Mzee akajaza kifua, akageukia jikoni ambako watu walikuwa wameshatoka kazini, akapiga ukelele ambao Bibi Assunta ng'ambo lazima aliusikia: "Furaha mojaaa!" Na kwa kuwa hapakuwa na wa kuitika, nikaitika mimi. Nikaila yote na misumari yake. Ilinichoma mpaka kisogoni.

Siku hizi pale pana duka la matairi. Mzee Tino naye ameshakwenda alikokwenda Carmela, na sijui ubao uko kwa nani, na sijui nani alipanda kigoda kumwandika yeye. Nilidhani hadithi imeishia hapo.

Jioni ile ya juzi nikamtafuta Furaha kwenye simu. Huwa tunasalimiana sikukuu kwa sikukuu. Nikamwandikia, unakumbuka misumari? Hakunijibu kwa maneno. Alinitumia picha ya jiko lake, theluji imejaa dirishani, na ukutani pameangikwa kipande cha boksi kilichoandikwa kwa mkaa, kwa mwandiko wake. MWANAIDI. Chini yake kwa herufi ndogo: chapati, samaki wa kopo, achari, chipsi za njano. Akasema kila mwaka siku waliyofika anaipika, anaita jina, na watoto wa binamu yake wa huko huko wanaitika.

Mimi hapa Joburg sijaondoka hata hatua. Nilikaa najua wa kuandikwa ni yule anayekwenda. Kumbe kwa aliyepanda ndege, mtu aliyetoweka mezani ni mimi.

Nililia, sifichi, mpaka mama akauliza kulikoni. Nikamwonyesha picha. Akaitazama sana, akavaa miwani akaitazama tena. "Weye si ulikuwa unataka ubao?" akasema. "Haya, huo."

Halafu nikaikuza ile picha kwa vidole viwili. Pembeni ya picha pana hiyo pizza kwenye sahani, na juu yake mwenzangu ameweka jibini la kweli, linavutika. Nikamwandikia palepale: hiyo siyo Mwanaidi, toa hilo jibini!