Pembe ya Kitambaa cha Mama Anahit

“Fundi, wewe baki nje. Suruali yangu haijakwisha.”

Hayo ni maneno ya Kapteni Malira mbele ya kanisa la Kalumbi, kwetu mashariki mwa Kongo, siku alipowatenga watu wa kabila letu na kuwasukumia ndani. Alivaa koti nililomshonea mimi. Mke wangu Furaha aliingia, na mama yangu, na binti zetu wawili. Mlango ukafungwa, bunduki zikaanza. Mimi nilikuwa nje na utepe wa kupimia shingoni.

Miaka yote hapa Johannesburg, nikiulizwa nani aliwaua, nilijibu “waasi”, basi. Watu wa Kalumbi mliobaki, nawaandikia safari ya siku moja iliyonibadilisha. Niliishia darasa la nne, mtanivumilia.

Mama Anahit, bibi wa Kiarmenia anayekaa Turffontein, aliniletea kitambaa cha meza cha ukoo wake. Kilichanika katikati, akataka nikiunge. Nilipokikunjua nikaona pembe moja maua ya kutarizi hayakwisha. Mimi ni fundi wa Kalumbi, bwana. Kwetu kazi haitoki dukani na pembe wazi. Nikatafuta uzi mwekundu uleule, nikamaliza maua saba bila kumuuliza mtu.

Saa mbili asubuhi nilifunga duka langu la Jules Street, Malvern, nimrudishie kitambaa chake. Bakari, kinyozi wa Tanga tunayepakana naye, akanipigia kelele: “We Mkongo! Umechomekea hivyo unakwenda kuposa?”

“Nakwenda kusifiwa.”

“Sharp! Ila urudi na kichwa kinachopita mlangoni.”

Nikanyoosha kidole juu, ishara ya hapa ya kwenda mjini, teksi ikasimama.

Saa tatu nilikuwa Joubert Park kubadilisha teksi. Dada mmoja wa kwetu anayesuka nywele kando ya njia aliomba kukiona. Akapapasa ile pembe. “Eish, papa, mkono gani huu!” Nikazidi kuvimba.

Saa nne nikafika Turffontein, nyuma ya uwanja wa mbio za farasi. Mama Anahit alinipa kahawa kwenye kikombe kidogo kama nusu ganda la yai. Kiingereza changu ni cha kupima viuno na mabega, lakini tulielewana. Nikatandika kitambaa, pembe yangu ikielekea kwake. Nikangoja sifa.

Akaishika. Akaigeuza, akatazama upande wa nyuma.

“Nani alikuambia umalize?”

Akanieleza. Kitambaa kilishonwa na mama wa bibi yake, kijijini kwao, chini ya dola ya Osmani. Wanaume walikuwa wameshachukuliwa na kuuawa. Askari walipogonga mlango, yule mama alikuwa akitarizi maua ya pembe ile. Akakata uzi, akamfunga binti yake kitambaa kiunoni. Wakaswagwa kwa miguu kuelekea jangwa la Syria. Mama alifia njiani, binti akafika.

“Bibi yangu alijua kushona,” akasema. “Mama yangu pia. Hakuna aliyeigusa pembe ile.”

Nikaona aibu mpaka masikioni. Nikatoa wembe mfukoni. “Mama, nipe saa moja.”

Nikaketi kufumua, uzi wangu tu, wa marehemu nisiuguse hata uzi mmoja. Sijawahi kufanya kazi nzuri kuliko ile. Nikiwa hapo nikamuuliza ni nani waliofanya hayo.

“Serikali ya Osmani,” akajibu palepale. “Wakubwa walipanga maofisini. Na Uturuki ya leo inakataa kuyaita mauaji ya kimbari. Na wako, fundi?”

“Waasi.”

“Waasi si jina la mtu.”

Wembe ukasimama. Nikamwambia yote: Malira, koti, ile suruali. Na kwamba nilinyamaza kwa kuogopa mtu kuniuliza, kwa nini wewe ulibaki?

“Kwa hiyo una vipimo vyake,” akasema.

“Kifua inchi arobaini na mbili. Mkono wa kushoto mfupi kwa nusu inchi.”

“Basi unamjua kuliko shahidi yeyote. Andika.”

Saa nane mchana nilirudi Malvern. Bakari akachungulia: “Umesifiwa?”

“Nimefumua.”

Akacheka, kisha akaniona macho. “Kaka, kaa hapa.” Akaacha kichwa cha mteja nusu, akanisikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza kwa nini nilibaki.

Nilichojifunza ni hiki: nilidhani fundi hodari ni wa kufunga kila palipo wazi. Kumbe Waarmenia wameishika pembe ile wazi zaidi ya miaka mia, na wanaionyesha wakiwa wameinua vichwa. Na mimi ni wa Kalumbi, nainua changu.

Kapteni Malira, nasikia siku hizi unaitwa mheshimiwa. Lile koti lina jina langu ndani ya kola, sitalikana. Mbele ya watu wa Kalumbi, ujibu: ni nani alikuamuru ufunge ule mlango? Na kama hakuna aliyekuamuru, sema kwa kinywa chako kwamba ni wewe.